Nilivyochagua gegedu kuziba tundu la ngoma ya sikio

Ngoma ya sikio haishonwi. Unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, uzi utashika wapi? Daktari huchukua kipande kidogo cha mwili wako mwenyewe, akakiweka kwa ndani ya tundu, na ngozi ya ngoma ikatambaa juu yake mpaka kingo zikutane. Kwa hiyo swali kubwa ni moja: kipande hicho kitoke wapi?

Sikio langu la kushoto lilitoboka utotoni kwa sababu ya usaha. Nilipokuwa mtu mzima nikafanyiwa operesheni ya kwanza kwa utando unaofunika msuli wa panja, juu ya sikio. Ndio unaotumika zaidi, na kwa sababu nzuri: uko palepale, ni mwembamba, unapatikana wa kutosha, na unavumilia kukaa bila damu mpaka mishipa mipya iufikie. Wangu ulishika vizuri, kisha polepole ukavutwa kwa ndani, ukalegea, na tundu likarudi.

Daktari wa masikio niliyemwendea baadaye hakukimbilia kisu. Alichunguza kwanza mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Wangu haufunguki vizuri, hivyo hewa iliyo nyuma ya ngoma hupungua na ngoma hufyonzwa kwa ndani. Nilipoelewa hilo, nilielewa pia kwa nini utando laini haukufua dafu.

Nikamuuliza kuhusu njia nyingine. Kipande cha mafuta ya mwili kutoka kwenye ndewe, akasema, kinafaa tundu dogo tu. Langu lilikuwa limekula zaidi ya nusu ya ngoma. Ngozi je? Horst Wullstein na Fritz Zöllner, Wajerumani walioweka msingi wa operesheni hii miaka ya 1950, walianza na ngozi, lakini ndani ya sikio iliendelea kumenyuka na kuleta usaha, ikaachwa. Likabaki gegedu, ile sehemu ngumu lakini inayopindika inayolipa sikio umbo. Hilo ni gumu kiasi, halisinyai kwa urahisi, linahitaji lishe kidogo sana, na linastahimili mvuto wa hewa ambao ulilegeza utando wangu.

Hofu yangu ilikuwa usikivu: kitu kigumu kitatikisikaje? Akanieleza kwamba gegedu hukatwa likabaki kama nusu milimita, na likiwa jembamba hivyo usikivu unaopatikana hautofautiani sana na wa utando. Hapo nikakubali.

Lilitolewa kwenye kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, kwa mkato wa upande wa ndani, na ukingo wa juu ukaachwa ili umbo lisiharibike. Nikijitazama kwenye kioo sioni kovu. Upande mmoja wa gegedu uliachiwa utando wake mwembamba, nao ukatandazwa kwenye kingo za tundu la ngoma ili kipandikizi kisihame. Ndani wakajaza sponji inayoyeyuka yenyewe.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa baadaye, nyumbani. Sikupenga kamasi kwa wiki kadhaa. Chafya niliiachia mdomo wazi, kwa sababu ukiibana, hewa hupanda kwenye mrija na kusukuma kipandikizi. Wakati wa kuoga niliziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini. Nilisikia vibaya kuliko kabla ya operesheni, na hilo lilinitia wasiwasi mkubwa, hadi sponji ilipoyeyuka na sauti zikaanza kurudi. Kipimo cha usikivu kilichofuata kilionyesha nafuu ya wazi, ingawa sikio la kulia bado linalizidi.

Gegedu lina kasoro moja ambayo kila anayelichagua aijue mapema: halipitishi mwanga. Ngoma yangu sasa ni nyeupe, na daktari akitazama haoni kinachoendelea nyuma yake. Ndiyo maana bado naenda kuchunguzwa, hata kama sikio ni kavu na haliumi.