Bamkubwa na dua ya Alhamisi

Leo 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tangu asubuhi redio ni tarumbeta na hotuba, mie nimekaa kitako barazani na Bamkubwa yeye na kahawa yake mie na simu, na kama kawaida yake hasemi neno. Sisi tangu wadogo tunajua tu Bamkubwa alikwenda vita vya Kagera, basi tukadhani alikuwa mpiga bunduki. Kumbe alikuwa wa tiba, wale wanaokimbilia mtu akishapigwa, wenziwe wakimwita daktari na udaktari hajasoma.

Ningelijua zamani kama ningelifikiri kidogo. Nilipokuwa na miaka 11, msimu wa karafuu, nilianguka mkarafuuni nikavunjika mkono, watu makelele, mmoja ashaanza kuuvuta, Bamkubwa akaja taratibu akasema "msimguse." Akachukua ubao wa sanduku, akachana kanga ya mama vipande vipande, anafunga huku ananiuliza mambo ya skuli, alipomaliza akanibonyeza kucha moja moja akitizama kama damu inarudi. Kule spitali daktari alipotizama akauliza, nani kamfunga hivi?

Sasa leo nikamuuliza tu, Bamkubwa, kule ilikuwaje. Nilidhani atanihadithia Oktoba 1978 Amin alivyoingia, au daraja la Kyaka lilivyolipuliwa, au Mwalimu aliposema uwezo wa kumpiga tunao, maana hayo ndo tunayoyasikia kila mwaka mpaka Kampala inaanguka Aprili 1979. Yeye akanihadithia maji.

Akasema mtu akipigwa tumboni hapewi maji, ndivyo walivyofundishwa, na yeye ndo kwanza anayalilia maji, anakwita kaka, anakwita baba, na wewe chupa unayo kiunoni anaiona. "Nikitia kitambaa maji nampangusa midomo," akasema, "basi, hapo ndo mwisho wa uwezo wangu." Mkono wake ukawa unakwenda hivi hivi hewani, vidole viwili, kama yule mtu yuko pale mbele yetu juu ya mkeka. Mzee keshapita miaka 70 na mkono haujasahau.

Halafu ndo nikafahamu jambo jengine. Kila Alhamisi usiku baada ya magharibi Bamkubwa akishasoma Yasini huwa anataja watu kwa sauti ndogo, sisi tukijua ni marehemu wa ukoo. Kumbe ni wale. Majina mengi hakuyapata, maana mtu analetwa hali hajiwezi utamuuliza jina saa ngapi, basi anawataja yule wa Songea, yule wa Singida, yule kijana wa Makunduchi, yule mwenye pengo. Nikamwambia lakini si wengine walikuwa Wakristo Bamkubwa, akanijibu, "Mie nawataja tu, Mungu anawajua wake."

Nyumba moja miaka yote hii na sikuwahi kumwambia ahsante, wala kwa mkono wangu sikumwambia. Walioshika bunduki tunawapigia saluti na ni haki yao kabisa, lakini huyu aliyekuwa akitambaa kumfata mtu anayevuja damu na yeye risasi zinampita, huyu tunampita barazani shikamoo marahaba tushakwenda zetu. Leo nimemwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza hiyo simu yako inaweza kuonesha Kaboya, kule Kagera walikozikwa wanajeshi, hajawahi kurudi, toka Pemba mpaka kule ni safari si ndogo.

Nikaitafuta picha nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, makaburi yamepangwa safu safu, akawa anaisogeza karibu na macho kisha mbali, kahawa inapoa. "Hebu ikuze," akaniambia, "nataka kusoma majina." Nikaikuza mpaka mwisho, ikawa ukungu mtupu, na yeye bado anatizama.