Mfuko wa mia mbili ulivyonigombanisha na wateja Kihesa

Mzee alikuwa amenunua sukari kilo 2, maharage kilo 1, mafuta ya kula nusu lita na sabuni ya mche. Nikajumlisha, nikamtajia, akaanza kuhesabu noti. Ndipo nikasema, "Na mfuko mia mbili, baba." Kidole chake kikasimama juu ya noti. "Mfuko gani?" Nikamwonyesha. Akarudisha hela mfukoni, akavisukuma vitu vyote upande wangu wa kaunta, akaniambia taratibu, bila hasira hata kidogo: "Mwanangu, nikija kula kwako utaniuzia na sahani?" Akaondoka. Maharage nilikuwa nimeshayapima, nikayarudisha guniani.

Hiyo ilikuwa 2019, rambo, ile mifuko laini ya plastiki, zimeshapigwa marufuku. Duka langu liko Kihesa, Iringa mjini, kwenye njia ya wanafunzi wa chuo na akina mama wanaotoka sokoni. Kabla ya hapo mfuko haukuwa na bei. Rambo zilining'inia kwenye msumari pembeni ya mizani. Unachomoa, unapuliza mdomo ufunguke, unatia vitu. Aliyenunua chumvi na kiberiti alitaka rambo. Wengine waliomba na ya ziada, wakapitie mkaa.

Tarehe 9 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mwisho wa matumizi ya mifuko ya plastiki ni Mei 31. Nilidhani ni maneno yatakayopita. Halafu nikasikia adhabu zilizomo kwenye kanuni: anayekutwa nayo, faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7, anayeuza, 100,000 hadi 500,000 au hadi miezi 3 ndani. Mabunda mawili yaliyobaki niliyapeleka ofisi ya serikali ya mtaa mwenyewe, kwa miguu, nikiwa nimeyafunika kanga kama mwizi.

Mwanzoni nilitoa mifuko mbadala bure, kwa kuogopa kupoteza wateja. Ile ya karatasi za kaki ilinishinda mapema, maana mchicha wenye maji unaitoboa kabla mteja hajavuka barabara. Nikahamia kwenye ile laini kama kitambaa. Kwa jumla nilikuwa naipata kwa 150 mmoja. Jioni moja nikakaa na daftari: kilo ya sukari naiuza kwa faida ya shilingi 100. Kwa hiyo kila aliyenunua kilo moja ya sukari na kuondoka na mfuko, mimi nilikuwa nimemlipa shilingi 50 anifanyie hisani ya kununua. Nikajaribu kuiingiza gharama kwenye bei ya bidhaa. Siku tatu tu, wateja wa sukari wakahamia duka la jirani. Bei ya sukari kila mtu anaijua kichwani.

Ndipo nikaanza kuutoza, na ndipo nikampoteza yule mzee. Hakuwa peke yake. Wanafunzi hawakunisumbua, wao hushika mkate mkononi au hutia vitu kwenye begi la daftari. Waliougulia ni watu wazima, na niliwaelewa. Mtu mwenye heshima zake hawezi kupanda kilima cha Kihesa ameshika sabuni mkono huu na dagaa mkono ule, majirani wote wajue leo kwake wanakula nini.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba ukiuuza mfuko, unaubeba na lawama zake. Kuna msambazaji alinipitishia mifuko ya bei rahisi, 90 mmoja, nami tamaa ikanipofusha. Ilikuwa myembamba, ukiinyanyua juani unaona upande wa pili, wala haikuwa na jina la mtengenezaji. Mama mmoja alinunua mayai 15 na unga kilo 2, akalipia mfuko, akaondoka. Baada ya dakika kumi karudi, mshikio mmoja umeng'oka, mayai yote uji. Zamani rambo ikichanika mtu alisonya tu akaenda zake, maana alipewa bure. Huyu aliweka mfuko juu ya kaunta, ute unachuruzika hadi kwenye mizani, akasema, "Nimelipa mia mbili ili nivunje mayai?" Sikuwa na jibu. Nikampa mayai mengine 15. Mteja mwingine aliyekuwa pale ndiye aliyenieleza kwamba mifuko halali inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na iandikwe aliyeitengeneza. Kumbe nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja nikaingia jingine, tena kwa gharama zangu. Ile mifuko niliichoma jikoni, na sijui kama hilo nalo halikuwa kosa la tatu.

Nikabuni jambo: mfuko mia mbili, ukiurudisha mzima nakupa mia. Wiki ya kwanza nilijiona mwerevu. Wiki ya pili watoto wa mtaa wakaligeuza biashara. Kijana mmoja wa darasa la tano hivi alinijia na mifuko 11, mingine ya maduka ambayo hata mimi sijawahi kufika, mmoja una magamba ya samaki ndani. Nikaanza kuweka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye kona. Wakajifunza kuiga alama. Nikaacha.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja anayeshuka mara moja moja kutoka kijijini. Yeye hubeba kikapu cha nyasi za milulu, vile vinavyosukwa na akina mama wa huku kwetu, kimechakaa hadi kimekuwa rangi ya moshi. Tulishasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, naye akanikuta nalumbana na mteja. Akasubiri mteja aondoke. Akasema, "Zamani ukimwona mtu anakwenda dukani mikono mitupu, ujue anakwenda kukopa." Akacheka peke yake, akaniwekea kikapu mbele nimpimie chumvi.

Nikalifikiria usiku kucha. Yule mzee hakukataa mia mbili. Alikataa kuambiwa mwishoni, pesa ziko mkononi, hesabu ameshaifunga kichwani, halafu muuzaji anaifungua tena mbele za watu. Kesho yake nikabadilisha mpangilio wa maneno tu. Mteja akiingia, kabla sijashika mizani: "Karibu. Umekuja na kibebeo?" Asiponacho namwambia papo hapo kwamba mfuko ni mia mbili, au nimfungie vizuri kwenye gazeti abebe. Anachagua yeye. Ugomvi ulipungua kwa namna iliyonishangaza.

Kwa wateja wa daftari, wale wa kulipa mwisho wa mwezi, nilifanya zaidi. Viroba vitupu vya unga vya kilo 25 nilikuwa navirundika tu stoo. Nikampelekea fundi cherehani wa jirani, kiroba kimoja anatoa mifuko miwili yenye mikanda, ananitoza mia tano kwa yote miwili. Naazima, naandika kwenye daftari chini ya deni la mtu: "kiroba 1". Kati ya kumi ya kwanza, minne haikurudi. Mmoja niliuona Soko Kuu umebebeshwa vitunguu. Nilinyamaza.

Vikapu vya milulu nilijaribu kuviuza pia, vitano, nikavitundika mlangoni. Viwili walinunua wanafunzi waliokuwa wanakwenda likizo Dar. Wenyeji waliviangalia, wakauliza bei, wakasema nyumbani wanavyo. Wanavyo kweli, ila wamewekea ufuta.

Mwaka 2021 nilirudia kugombana na watu, safari hii kwa makosa yangu. Vile vifungashio vyeupe visivyo na mshikio, vya kufungia karanga na vitu kama hivyo, wauzaji wengi tulikuwa tumevigeuza rambo ya siri. Mimi nilikuwa mmoja wao: kilo ya nyanya ndani, fundo juu, mteja anaondoka. Aprili mwaka huo NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakakaza, mchezo ukaishia hapo. Waliozoea kupewa kifungashio bure wakaona nimeurudisha ubahili. Nikaanza upya na swali langu la mlangoni, na miezi miwili hivi ikapita kabla hali haijatulia.

Siku hizi bunda la mifuko 50 lililokuwa likiisha wiki moja linafika mwezi na zaidi. Mia mbili zinazopatikana hapo hazinitajirishi, ila nazo hazinifilisi tena.

Yule mzee alirudi baada ya miezi kama mitano. Hakuzigusa habari za mfuko wala mimi sikuzigusa. Alitoa mfuko uliokunjwa vizuri kutoka kwenye koti, wa duka la jirani, jina limeandikwa kubwa, akautandaza juu ya kaunta herufi zikinitazama mimi.

"Sukari kilo 2," akasema.

Nikapima.