Fimbo wamechukua, sasa pesa ya kaunsela wa shule iko wapi?

Kila mkutano wa wazazi hapa Busia, Uganda, lazima mtu asimame aseme rudisheni kiboko, watoto wameharibika. Na makofi anapigiwa. Jamani, kiboko hakirudi. Sheria ya watoto iliporekebishwa 2016 ilikataza kabisa kumchapa mtoto shuleni, na hata kabla ya hapo wizara ilishawaandikia walimu kuhusu hilo, kwa hiyo anayechapa leo anachapa huku anajua. Na wanachapa, tusidanganyane, fimbo iko nyuma ya kabati. Siwatetei, ila nawaelewa, maana mwalimu aliambiwa acha hiki na hakuna aliyempa kingine cha kushika.

Angalia pesa yenyewe. UPE, yaani elimu ya msingi bila ada, ilianza 1997 na shule ya serikali inapata ruzuku kwa hesabu ya vichwa, kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, baadaye wakaongeza, lakini hata ukipiga hesabu ya 20,000 ukagawa kwa mihula mitatu haifiki hata 7,000. Humo toa chaki, toa mipira, toa kufyeka kiwanja, toa boda ya hedimasta kwenda wilayani. Mtoto aliyetulia na yule anayerusha viti wote ni kichwa kimoja kimoja, hakuna shilingi ya ziada kwa anayesumbua, na ndio maana njia rahisi ni kumwambia nenda nyumbani ulete mzazi, halafu mzazi haji, na mtoto naye harudi, imeisha.

Mtu ataniambia si kuna walimu walezi, senior woman na senior man? Wapo. Ni walimu hawa hawa wenye vipindi vyao na marundo ya kusahihisha, wametoka kwenye darasa la watoto mia na zaidi, sasa huyo atakaa chini amsikilize nani, saa ngapi?

Shule moja hapa ambayo sitaitaja kuna kijana wa P.5, darasa la tano, alikuwa balaa. Mwalimu akigeukia ubao yeye anatoa sauti ya trela inapiga breki, pssshhh, darasa zima linakufa kwa kicheko (nilimsikia mwenyewe siku nimepeleka sare, kusema ukweli anaiga vizuri sana). Anachukua kalamu za wenzake, anapigana, akasimamishwa, akarudi, akasimamishwa tena. Mama mmoja mwalimu ndiye aliyeona viganja vyake. Akamuuliza, "Mwanangu, hii mikono imekuwaje?" Kumbe kabla ya saa ya shule keshavusha mizigo ya watu mpakani, analala kwa bibi yake na bibi hawezi tena kulima. Huyo mama akawa anamnunulia uji kwa hela yake, akamweka dawati la mbele, akampa kazi ya kugawa vitabu. Hakuwa malaika ila alipunguza sana, hata ngumi zikapungua. Halafu mwalimu akahamishwa. Mnajua kilichofuata, kijana yuko mtaani anasukuma toroli na hakuna aliyeuliza, kwa sababu ule msaada haukuwa wa shule, ulikuwa wa mfuko wa mama wa watu.

Na wa hivyo ni wengi upande huu. Kuna wanaochimba dhahabu kule Tiira, kuna waliozoea kushika pesa zao wakati shule zimefungwa kwa korona, Machi 2020 mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Kijana ameshajilipia chakula chake mwenyewe halafu unamwambia apige magoti uwanjani kwa sababu kachelewa? Lazima akuvimbie.

Wanaosema bila fimbo haiwezekani waende wilaya ya Luwero. Raising Voices, shirika la kule Kampala, walikuwa na mpango wao wa Good School Toolkit, ukapimwa kwenye shule 42 za msingi, matokeo yakatoka 2015. Baada ya miezi 18, kwenye shule zilizokuwa bado hazijaanza mpango, watoto 49 kwa mia walisema mwalimu au mfanyakazi wa shule aliwapiga au kuwaumiza ndani ya wiki moja iliyopita, zile zenye mpango wakawa 31. Hiyo 31 bado ni nyingi mno, najua, lakini ni shule za kwetu hizi hizi, walimu hawa hawa, na kazi kubwa ilikuwa kuwafundisha adhabu zisizo za kuumiza, kuunda kamati za wanafunzi na wazazi, watoto wenyewe kushiriki kutunga kanuni. Ila huo ni mradi wa shirika, na shirika haliwezi kubeba shule zote za nchi.

Uingereza tangu 2011 shule inapata nyongeza kwa kila mtoto wa familia maskini, pesa inamfuata mtoto. Nilipomwambia jirani yangu akacheka, "Baba Zawadi, hapa utaletewa orodha ya watundu mia tano, nusu yao hawajazaliwa." Ana haki, wanafunzi hewa tunawajua. Ndio maana mimi nisingeomba pesa taslimu iingie kwenye akaunti ya shule, ningeomba mtu. Kaunsela mmoja aliyesomea kazi, mshahara wake kwenye payroll ya serikali kama mwalimu yeyote, azungukie shule nne au tano za jirani kwa siku zinazojulikana, na akihamishwa nafasi yake inabaki, anakuja mwingine. Mtu hewa wa aina hiyo ni rahisi kumkamata, watoto wenyewe watasema hatujamuona. Na pembeni kijifungu kidogo cha uji, maana kaunsela hawezi kuongea na tumbo tupu la mtoto wa miaka kumi na mbili.

Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini mikutano ya bajeti ya wilaya huwa inafanyika miezi mingi kabla. Mwenye kusikia tarehe ya mwaka huu anitumie WhatsApp, na tafadhali tusiende watu wawili tu.