Nyayo kwenye umande

Uwanja wetu pale Mbulu ulikuwa wa mpira. Tuliupima kwa kamba kuuzunguka kwa nje, tukapata mita 300. Kwa hiyo mbio za mita 1500 ni mizunguko mitano. Mwaka 2012, zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, niliwatangazia wanafunzi wangu kwamba kila atakayemaliza mzunguko chini ya sekunde 65 anapata soda. Zoezi lilikuwa mizunguko sita, mapumziko dakika mbili.

Siku kumi baadaye, waliokuwa wakikimbia 66 wakaanza kuleta 61. Nikajipongeza. Nilipaswa kushtuka, maana mtoto wa miaka 12 hapunguzi sekunde tano katika mita 300 kwa muda huo.

Jumanne asubuhi umande ukawaumbua. Kwenye kila kona nyayo zilipita upande wa ndani wa kijiti cha kona. Kwa ule ukungu, na macho yangu yakiwa kwenye saa, nisingewaona. Nikapima: wanaanza kukata mita 10 kabla ya kijiti, wanatokea mita 10 baada yake. Kila kona inaokoa karibu mita 6, kona nne mita 23. Kwa mwendo wao, hizo ndizo sekunde tano zenyewe.

Sikumchapa mtu. Mimi ndiye niliyenunua namba, nao wakaniuzia namba. Nikafuta soda. Kesho yake wakaja watano, na kabla ya soda walikuwa wakija 11 bila kuahidiwa hata peremende! Watafiti wa Marekani waliliona jambo hilo mwaka 1973 kwa watoto wa chekechea: walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoa.

Na wale watano nikabadili kipimo. Kabla ya kukimbia, kila mmoja anaandika daftarini sekunde anazokusudia. Mwenzake anashika saa. Kuwahi ni kosa sawa na kuchelewa. Aliyeandika 66 akakimbia 60 anajiona mwenyewe anavyokufa mzunguko wa nne, na kukata kona hakumfai kitu.

Wiki ya tatu walirudi tisa. Soda zilizobaki niliwagawia siku moja ya mvua, bila tangazo. Binti mmoja aliweka chupa yake chini bila kuifungua. Alikuwa ameandika 67, akapata 69.

"Mwalimu, nirudie?"