Gari Limelala Tena

Malindi, Jumapili usiku

Nimetoka alfajiri kwenda kuswali nikalikuta limelala tena. Upande wa mbele kushoto umeinama, bampa karibu iguse mchanga, kama ngamia aliyepiga goti moja. Nikasimama barazani na kanzu yangu nikiliangalia, nikakawia hata nilipofika msikitini rakaa ya kwanza ilikuwa imenipita.

Kwa mwaka na nusu sasa nimekuwa nikiwajibu watu, "Liko kwa fundi, kitu kidogo tu." Jibu hilo limenichosha kuliko gharama yenyewe. Leo naliandika lilivyo.

Nililinunua Desemba 2023. Ni Mjerumani, saluni kubwa ya mwaka 2004, silinda nane, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa kuanzia dashibodi hadi milangoni. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kitaliano mwenye nyumba upande wa Casuarina. Afya ilikuwa imemwendea kombo, akawa anarudi kwao moja kwa moja. Alilitaka shilingi 650,000, fedha ambayo mimi nilikuwa nimeihesabia kigari cha lita moja cha kupelekea watoto shule. Saa ya gari ilionyesha kilomita 91,000. Niliinama nikaisoma tarakimu kwa tarakimu. Jirani yangu ana Probox iliyopita 300,000 na bado inaleta samaki kutoka Ngomeni kila asubuhi. Nikasema moyoni, hili la kwangu hata halijaanza kazi.

Marehemu baba alikuwa bawabu wa hoteli moja ya ufukweni. Miaka ya tisini, shule zikifungwa, mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana, nikikaa naye kwenye kibanda cha lango huku magari yakiingia vioo vimefungwa. Siku moja dereva wa mgeni aliniruhusu kufunga mlango wa nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kuusukuma kwa nguvu, kama ule wa matatu. Akaniambia niusogeze tu. Nikausogeza kwa vidole viwili, ukafika karibu na kufungika, kisha ukajivuta wenyewe ndani, taratibu, bila kishindo. Baba akacheka kwa furaha kana kwamba gari ni letu. Huyu Mjerumani wangu milango yake inafunga vivyo hivyo. Siku niliyokwenda kulitazama, nilifungua na kufunga mlango mmoja mara nne mbele ya yule mzee, na nadhani alijua pale pale kwamba biashara imekwisha.

Fedha ilitoka mahali patatu: 220,000 akiba yangu, 150,000 mkopo wa chama, na 280,000 zilizokuwa za paa la mama kule Mambrui. Nyumba yake bado ni ya makuti na yalikuwa yamechakaa. Nilimwambia nitayatoa niezeke mabati kabla ya masika, na wakati namwambia nilikuwa nimekusudia kweli.

Wa kwanza kuniuliza swali la maana alikuwa mjomba, ambaye ujana wake wote ulipita kwenye majahazi. Alilizunguka gari, akapiga boneti kwa kiganja, akaniuliza, "Na hili, mwanangu, hupandishwa pwani lini?" Nikadhani ni mazungumzo ya uzee. Alikuwa akiniuliza jambo ambalo mtoto yeyote wa baharini analijua: jahazi, hata liwe zuri vipi, lina msimu wake wa kupandishwa mchangani, likazibwa nyufa kwa kalafati upya na kupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na shahamu, na asiye na fedha ya msimu huo hana jahazi, ana mbao tu. Huku kwetu husemwa kila siku kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Nimelikariri neno hilo tangu chuoni, wala sikuwahi kufikiria kwamba kuunda hakuishi siku chombo kinaposhuka majini.

Lililala mara ya kwanza Februari 2024. Nilidhani ni pancha. Gurudumu lilikuwa zima. Nikawasha, nikasikia mngurumo mwembamba wa mashine ndogo upande wa mbele, na gari likainuka polepole mpaka likasawazika. Likafanya hivyo wiki nzima, kila siku likichukua muda zaidi kuinuka, mpaka nikalipeleka kwa fundi, mzee mmoja nyuma ya Maweni aliyewahi kutengeneza magari ya watalii.

Magari haya hayana springi za chuma. Kila gurudumu limebebwa na mfuko wa mpira uliojaa upepo, kuna kompresa ya kuujaza, na kuna vihisio vinavyopima gari limekaa juu kiasi gani. Ndiyo sababu ukipita kwenye tuta unajiona kama umo kwenye mashua maji yakiwa shwari. Fundi alichanganya sabuni ya unga na maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, akaniambia niwashe, tukangoja lipande. Akalala chali chini yake na tochi mdomoni, akaanza kuupaka mfuko lile povu kwa sponji. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha pale chini, mpira unapojikunja, vikaanza kutoka viputo vidogo, kimoja nyuma ya kingine, kama kaa anavyotoa povu ukimfukua. Akaniita niinamie. Mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku.

"Lakini mzee, limetembea kidogo sana," nikamwambia.

"Mpira hauhesabu kilomita, mwanangu. Unahesabu miaka."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa zile 91,000. Nyumba nyingi za wageni Casuarina hufungwa mvua kubwa zikikaribia, wenyewe wakarudi Ulaya. Gari langu lilikuwa likisimama miezi kwa miezi chini ya kivuli, hatua chache kutoka baharini, kusi ikilipulizia chumvi, limejilaza kwenye mifuko iliyokwisha upepo. Gari linalotembea kila siku huonekana limechoka, na mwenye nalo hujua pa kutazama. Hili lilizeeka limetulia, rangi ikimeremeta.

Mfuko ukivuja, kompresa inalazimika kufanya kazi bila kupumzika ili kuufidia, na yenyewe inaungua. Kwa hiyo nikanunua shokapu ya mtumba yenye mfuko wake Mombasa kwa 38,000, kisha kompresa 45,000. Ile ya mtumba ilidumu miezi minne, maana ilitoka kwenye gari la umri ule ule. Ya kulia nikanunua mpya, 85,000. Betri 26,000. Rejeta pamoja na mabomba ya plastiki yaliyokuwa yakivunjika kama biskuti, 41,000. Bima kamili niliikosa kwa sababu ya umri wa gari, nikabaki na ya mtu wa tatu.

Nilimuuliza fundi mbona spea moja inakula mshahara wa mwezi na gari lenyewe limeshuka bei hivi. Akanijibu kwamba kilichoshuka ni gari. Spea imebaki pale pale ilipokuwa gari likiwa jipya, linanunuliwa na mtu wa mamilioni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo haya ya zamani yanazunguka humu humu, kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono unalipokea kwa fedha kidogo kuliko uliotangulia huku ukirithi gharama zile zile. Nimelala na maneno hayo siku nyingi. Nilichokiita bahati yangu, ile 650,000, kilikuwa ni kipimo cha watu waliokwisha kulishindwa.

Sikuonewa na mtu, hilo nataka lieleweke. Yule mzee alinipa faili nzima, nene, ya stakabadhi. Faili hiyo niliitupa kwenye buti kwa sababu ni ya Kitaliano. Agosti mwaka jana, gari likiwa juu ya mawe, nikamwita kijana wa jirani anayetembeza watalii, anayekizungumza Kitaliano kama Kiswahili. Tulikaa barazani, mke wangu akatuletea kahawa na kaimati. Kijana akawa anafunua na kunisomea. "Ami, hii ni kompresa, 2013. Hii ni mifuko ya mbele yote miwili, 2015. Hii tena kompresa. Hii tena mifuko ya mbele." Nyingine kwa shilingi, nyingine kwa yuro, maana mzee alikuwa akija na spea kwenye sanduku lake la nguo. Nikajumlisha nyuma ya bahasha. Ilipita milioni moja na laki tatu, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa 2022. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakusema kitu. Akaja akanimiminia kikombe kingine, akakaa.

Ukimya wake nimeuhisi zaidi ya maneno yoyote ambayo angeweza kuniambia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiweka akilini ahadi ya paa.

Lakini lililonivunja ni la mvua za Mei 2024, na mpaka leo nikilikumbuka natafuta kazi ya kufanya. Mvua mwaka ule ilikuwa ya mafuriko nchi nzima. Nilivuka daraja la Sabaki nikienda kumtazama mama. Njia ya kuingilia kwake ilikuwa tope, na gari langu liko chini mno, nikaliacha juu kwenye lami nikaenda kwa miguu, viatu mkononi. Mama akanipokea. "Baba, umefika? Na gari?" Nikamwambia nimeliacha barabarani. "Alhamdulillahi, umefika salama." Akaniandalia kitanda ukutani, upande ambao si wake. Kitanda chake alikuwa amekisogeza katikati ya chumba. Usiku nikajua kwa nini: kulikuwa na sufuria mbili na beseni zimepangwa sakafuni, na kila moja ilikuwa na mlio wake. Ile ndogo iliposhiba ikabadilika sauti, nikasikia mama anaamka gizani kuimwaga, kwa hatua za mtu aliyezoea. Nikalala macho wazi. Sikuthubutu hata kumwambia aache niimwage mimi, maana angejua kwamba sijalala.

Asubuhi nikarudi garini nikakuta zulia limeloa. Vijibomba vya kutolea maji ya kidirisha cha paani vilikuwa vimezibwa na majani ya mkilifi yaliyokauka, maji yakaingia ndani hadi kwenye kisanduku cha umeme kilichofichwa chini ya zulia. Hicho, pamoja na kukausha, kilinila 57,000. Ukiongeza ufundi, 48,000, nimelitilia 340,000 tangu nilinunue. Paa la mama lilikuwa 280,000.

Na bado, nikiwa mkweli, siku likiwa zima nalipenda. Saa kumi na moja jioni, njia ya Gede ikiwa tupu, upepo wa minazi usiousikia, watoto wamelala nyuma. Mwanangu mdogo naye hufunga mlango kwa vidole viwili. Nilimfundisha mimi.

Chama nimemaliza kuwalipa mwezi uliopita. Mbao za kenchi zimeshafika Mambrui, mabati nitanunua kidogo kidogo, hata bila kuuza. Kesho saa nne anakuja kijana kutoka Kilifi kulitazama gari. Amenipigia simu mara tatu, na mara zote tatu ameniuliza limetembea kilomita ngapi. Nikamwambia. Nikasikia pumzi yake ilivyobadilika, nikaijua.

Basi leo baada ya Isha nimemwita tena kijana wa jirani. Tumepitia faili ukurasa kwa ukurasa, akawa ananiambia nami naandika kwa penseli pembeni, kwa Kiswahili, kila kitu ni nini na kiligharimu kiasi gani. Kisha nikatoa za kwangu, nikazitoboa na kuzifunga juu ya zile za mzee: Mombasa, Maweni, betri, rejeta, zulia. Faili nimeiweka kwenye kiti cha abiria. Chupa ya sabuni ya unga nayo nimeiacha tayari karibu na gurudumu la kushoto.