Siku Shangazi Alipompaka Rangi Yule Bibi wa Dirishani

Juzi tukipita Luwum Street, Kampala, mwanangu alinivuta mkono mbele ya duka la nguo. "Mama, mbona masanamu haya yote ni Wazungu na yamevaa gomesi?" Gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda! Nilicheka tu. Moyoni nilishafika Jinja, kwa shangazi.

Shangazi hakuwa mtu wa kutupa kitu. Duka lake la Main Street lilikuwa la Wahindi mpaka Rais Idi Amin alipowafukuza 1972, na yule sanamu alikutwa stoo: mashavu mekundu, pua kama wembe, kidole kimoja kimekatika. Wigi lake lilikuwa kwenye gunia, bila shaka lilifichwa Amin alipopiga marufuku mawigi. Alikuwa wa plasta, mzito ajabu. Heri plasta. Yale ya zamani ya Paris yalikuwa ya nta, na kwa jua la Jinja uso ungemshukia kifuani kabla ya adhuhuri.

Alasiri moja shangazi akafunga mlango, akakoroga rangi ya kahawia ya milango na tapentaini kwenye kifuniko cha kopo. "Huyu leo atafanana na sisi." Akaanzia kipajini, taratibu, akishuka puani, akizunguka midomo, akipuliza palipovimba. Mimi nilishika taa. Rangi ilipokauka akafungua wanja na lipstiki za kuuza, akamremba kama bibi harusi, akirudi nyuma kila mara kumtazama. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wake. Vidole vilikuwa vyeupe kwa zile krimu alizochanganya usiku, viungo vimebaki vyeusi vilevile.

"Shangazi, mbona yeye unamtia weusi na wewe unajichubua?"

Hakugeuka. "Yeye anauza nguo tu. Mimi nina mume."

Kesho yake bibi mmoja akamsalimia sanamu, "Osiibye otya, nnyabo?" yaani umeshindaje, mama, akaondoka amenuna kwa kutojibiwa. Wateja wengine wakaanza kuvuta bei chini, wakidai magauni sasa si ya ng'ambo tena. Baadaye sana nilisoma kwamba London, miaka ya 1960, mtengeneza sanamu Adel Rootstein alishatengeneza sanamu kwa umbo la Donyale Luna, mwanamitindo Mmarekani mweusi. Shangazi hakuwahi kusikia habari hizo. Alichokoroga alikitoa kichwani mwake.

Na huyo mume alikuwa Mnubi wa mji wa Bombo, mweusi tii, na sikuwahi kumsikia akizungumzia rangi ya mtu yeyote.