Draiva ya Windows ndani ya Linux: inakubali wapi, inagoma wapi

Draiva ina pande mbili. Upande mmoja inazungumza na kifaa: inaandika kwenye rejista zake, inapokea data. Upande wa pili inaomba huduma kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi): nipe kumbukumbu, nishikie kufuli, niamshe baada ya milisekunde 10. Upande wa kwanza haubadiliki, maana kadi ni ileile kwenye mfumo wowote. Kazi yote iko upande wa pili. Draiva ya Windows inaita fanksheni za ntoskrnl.exe, hal.dll na ndis.sys (kerneli ya Windows na sehemu zake; NDIS ni kiolesura chake cha draiva za mtandao), na Linux haina hata moja.

Kwa kadi za mtandao, hasa Wi-Fi, NDISwrapper ndiyo inayoziba pengo hilo. Ni moduli ya kerneli yenye nakala zake za fanksheni hizo, iliyoandikwa upya kwa ajili ya Linux. Faili la .sys, yaani draiva yenyewe ya Windows, linapakiwa lilivyo, na kila linachoita kinajibiwa na nakala hizo. Kwenye biti 64 kuna kazi ya ziada: Windows huweka hoja nne za kwanza (thamani zinazopewa fanksheni) kwenye rejista za prosesa RCX, RDX, R8 na R9, Linux huanzia RDI na RSI, kwa hiyo kila mwito lazima upangwe upya njiani. Kitu kisichotafsiriwa ni maagizo ya prosesa yenyewe. Draiva ya x86 haiendi kwenye ARM hata ufanyeje.

Anza kwa kujua kadi yako:

lspci -nn

Tafuta namba kama 14e4:4318. Nne za mwanzo ni za kampuni (14e4 ni Broadcom), zinazofuata ni za kadi. Kisha tafuta draiva ya Windows XP yenye namba hizo ndani ya faili lake la .inf (maelezo ya usakinishaji). Ikija kama .exe, ifungue kwa 7z au cabextract, unachotaka ni .inf na .sys zikiwa folda moja, pamoja na .bin kama ipo. Kabla ya kusakinisha, andika `file bcmwl5.sys`. Ikisema PE32 ni ya biti 32, PE32+ ni ya biti 64, na lazima ilingane na kerneli yako, si na prosesa. Hapa ndipo wengi wanapokwama bure.

ndiswrapper -i bcmwl5.inf
ndiswrapper -l
modprobe ndiswrapper

Amri ya pili isome vizuri. Ikionyesha "device (...) present" uko sawa. Ikiongeza "alternate driver: b43", maana yake draiva ya Linux imeshaishika kadi: izuie isipakiwe kwa kuweka `blacklist b43` na `blacklist ssb` kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, kisha washa upya. (Ila kama b43 inafanya kazi, baki nayo. NDISwrapper si ya kutumiwa kwa starehe.) Kwa wpa_supplicant (programu inayounganisha Wi-Fi yenye nywila) tumia -Dwext, kiolesura cha zamani cha Wi-Fi, kwa sababu kile kipya, nl80211, hakitambuliwi hapa.

Ikigoma, dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) ndiyo inayosema ukweli. Ukiona "unknown symbol" ikifuatiwa na NdisMRegisterMiniportDriver, umechukua draiva ya Vista au ya baadaye. Hiyo ni NDIS 6, na NDISwrapper inaishia NDIS 5. Tafuta ya XP. Mashine ikiganda bila ujumbe wowote kwenye kerneli za zamani za biti 32, shuku staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni zinazoendeshwa): Windows huipa draiva kilobaiti 12, Linux ilitoa 8, au 4 kwa baadhi ya matoleo. Na kama Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha) imewashwa, kwenye distro nyingi moduli isiyo na saini haipakiwi kabisa.

Kwa kifaa kisicho kadi ya mtandao, NDISwrapper haina msaada. Hapo ni afadhali kuiacha draiva kwenye mfumo wake, ndani ya mashine pepe, na kumkabidhi mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine hiyo) kifaa chenyewe. Cha USB ni rahisi:

-device qemu-xhci -device usb-host,vendorid=0x...,productid=0x...

kwenye QEMU (programu ya mashine pepe), basi. Cha PCI kinahitaji VT-d (Intel) au AMD-Vi (AMD), yaani IOMMU inayotenganisha kumbukumbu za vifaa, iwashwe kwenye BIOS, `intel_iommu=on` kwenye mstari wa kuwasha kerneli kwa prosesa za Intel, na kifaa kishikwe na vfio-pci, draiva ya Linux inayokikabidhi kwa mgeni. Angalia /sys/kernel/iommu_groups kwanza: vifaa vya kundi moja haviwezi kugawanywa kati ya mwenyeji (Linux yako) na mgeni, na kundi likiwa na kidhibiti cha diski unayotumia, hamishia kadi kwenye sloti nyingine.

FreeBSD nayo inatumia mbinu hii: Wifibox huwasha Linux ndogo ndani ya bhyve (mashine pepe ya FreeBSD) kwa ajili ya Wi-Fi tu. Kwa michoro, FreeBSD ina LinuxKPI, ambayo huwezesha msimbo wenyewe wa draiva za Linux kukompailiwa humo. Inadumu zaidi kuliko kupakia faili la .sys usiloweza kulisoma, lakini ukisasisha mfumo bila kujenga upya drm-kmod (draiva hizo za michoro), tarajia skrini nyeusi.